Je, Wajua? Nyoka Anayetembea na Kayamba Lake

Afrika tuna chatu, swila, koboko na kifutu, lakini nyoka-kayamba hatuna hata mmoja. Huyo ni wa Amerika tu, tangu kusini mwa Kanada hadi Argentina, na spishi zake zimepita 30. Jimbo moja la Marekani, Arizona, lina spishi 13 peke yake. Hata hivyo tunamjua jamaa yake: yeye na kifutu ni wa ukoo mmoja, ukoo wa nyoka wenye kichwa kipana, mwili mnene, mboni iliyosimama wima na meno marefu ya sumu yanayojikunja kinywani. Kinachomtenga na nyoka wengine wote duniani kiko mkiani, basi tuanzie huko.

Kayamba lake halina punje

Kayamba la pwani hulia kwa sababu ya mbegu zilizomo ndani. La nyoka huyu ni tupu. Limeundwa kwa vipande vikavu vya keratini, dutu ileile ya kucha na nywele zako, na kila kipande kimeshikana na mwenzake kwa ulegevu. Mkia ukitikiswa, vipande hugongana, na kugongana huko ndiko mlio wenyewe. Ndiyo maana nyoka mchanga ni bubu: ana kifundo kimoja tu, na kimoja hakina cha kugongana nacho. Hutikisa mkia kwa ghadhabu zake zote na kusisikike kitu, mpaka ajaliwe kipande cha pili.

Vipande kumi si miaka kumi

Imani kwamba kila kipande ni mwaka mmoja imeenea sana, na si kweli. Kipande kipya huongezeka kila nyoka anapojivua gamba, na nyoka anayekula vizuri, hasa akiwa bado mdogo, hujivua mara kadhaa kwa mwaka. Wakati huohuo vipande vya ncha hukatika akipita kwenye mawe na vichaka. Wapo walioishi zaidi ya miaka 30 katika misitu ya mashariki mwa Marekani, lakini kayamba refu kiasi hicho hutalikuta porini.

Mkia hutikisika mara 90 kwa sekunde

Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009, alipiga hatua 41 kwa sekunde 9.58, yaani hatua nne na kidogo kila sekunde. Nyoka-kayamba aliyepata joto la kutosha hutikisa mkia mara 90 kwa sekunde hiyohiyo moja. Misuli yake ya mkia ni miongoni mwa misuli yenye kasi zaidi kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo, na bado haichoki upesi: damu nyingi hupita humo ikileta oksijeni na kuondoa taka, hivyo anaweza kulia kwa saa nzima na zaidi. Siku ya baridi mapigo hupungua sana, kwa kuwa mwili wake hutegemea joto la nje.

Hukufanya uone yuko karibu kuliko alivyo

Hili ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Mwaka 2021 watafiti walioongozwa na Boris Chagnaud wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, walichapisha matokeo ya jaribio la ajabu. Walimsogezea nyoka kitu kidogo kidogo huku wakirekodi kayamba. Kitu kilipokuwa mbali, mapigo yalikuwa ya polepole. Kilipokaribia, yakaongezeka taratibu hadi kufikia 40 hivi kwa sekunde. Kisha, kwa mkupuo mmoja, yakapanda hadi kati ya 60 na 100.

Mkupuo huo una kazi gani? Walichukua watu 11, wakawavalisha miwani ya uhalisia pepe na kuwatembeza katika uwanda wa nyasi wa kubuni, ambamo sauti ya kayamba ilitoka mahali palipofichika. Kila mmoja aliombwa aonyeshe ni lini anadhani amebakiza mita moja kuifikia sauti. Kayamba lilipobadilika ghafla, watu waliona wamefika karibu mno wakati bado walikuwa na nafasi. Yaani mlio wa polepole hukupa habari kwamba unamkaribia, na ule wa kasi hukusimamisha mapema, kabla hujafika panapoweza kuwaumiza nyote wawili. Ni mnyama asiye na mkono wala mguu, naye anapanga umbali kichwani mwako kwa sauti peke yake.

Na yeye mwenyewe mlio huo hausikii vizuri. Nyoka hana masikio ya nje. Husikia zaidi sauti nzito na mitetemo ya ardhi inayopenya kupitia mfupa wa taya. Wimbo wote huo, basi, ni kwa ajili ya masikio ya wengine.

Mara nyingi hunyamaza

Watafiti wanaofuatilia nyoka hawa kwa vifaa vidogo vya kurusha mawimbi wamewapita wengi kwa hatua chache bila kusikia chochote. Silaha yake ya kwanza ni rangi ya mwili: madoa ya umbo la almasi au mikanda inayofanana na majani makavu, changarawe na mchanga. Kulia ni kujitangaza, na kujitangaza kuna hatari yake. Kwa anayetembea jangwani Arizona maana yake ni moja: ukimya si ushahidi kwamba hayupo, kwa hiyo angalia unapoweka mkono na mguu.

Mkubwa wao na mdogo wao

Spishi kubwa kuliko zote inaishi kusini-mashariki mwa Marekani, Florida na jirani zake, na imewahi kufikia urefu wa mita 2.4. Humohumo Florida kuna spishi kibeti, ambayo kwa kawaida ina urefu wa nusu mita tu. Kayamba la huyo mdogo ni kama mvumo wa mdudu, na husikika kwa mtu aliye karibu sana tu.

Ana vishimo vya kuonea joto

Kati ya jicho na tundu la pua, kila upande, pana kishimo. Ndani yake umetandazwa utando mwembamba mno uliojaa neva, unaotambua mabadiliko ya joto yaliyo chini ya sehemu moja ya mia ya nyuzi moja ya Selsiasi. Panya mwenye damu moto akipita gizani umbali wa kama mita moja, nyoka hupata taswira ya joto lake, na ubongo huiunganisha na kile ambacho macho yanaona.

Mwaka 2010 kundi la David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilitambua protini inayofanya kazi hiyo. Kinachofurahisha ni kwamba nasi tunayo protini ya namna hiyo: kwetu ndiyo inayotupa ule muwasho mkali wa haradali na kitunguu saumu kibichi. Kilichoko kwetu kwa ajili ya kuhisi ukali, yeye anakitumia kuwindia usiku. Julius alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, akishirikiana na Ardem Patapoutian, kwa uvumbuzi wao kuhusu jinsi mwili unavyohisi joto na mguso.

Kindi humjibu kwa mkia wa moto

California kuna kindi wanaochimba mashimo ardhini, na nyoka-kayamba hupenda sana watoto wao. Kindi mkubwa akikutana na nyoka hasimami kutetemeka. Humsogelea, humpepea mkia usoni, humrushia mchanga. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walimpiga picha kwa kamera ya joto wakagundua jambo ambalo hakuna jicho lingeliona: kindi anapomkabili nyoka-kayamba, hupeleka damu mkiani na mkia unapata moto. Kwa nyoka mwenye vishimo vya joto, mpinzani anaonekana ameongezeka ukubwa ghafla. Na kindi huyohuyo akikutana na nyoka wa spishi nyingine isiyohisi joto, hupepea mkia vilevile lakini hautii moto!

Ili kuhakikisha, watafiti walitengeneza kindi wa roboti mwenye mkia unaoweza kupashwa joto. Nyoka walioonyeshwa mkia wa moto walirudi nyuma na kujihami zaidi kuliko walioonyeshwa mkia wa baridi.

Si hayo tu. Kindi hawa hutafuna magamba yaliyovuliwa na nyoka kisha hujilamba manyoya, wapate harufu ya adui. Na damu ya kindi mkubwa ina uwezo wa kuipunguza nguvu sumu ya nyoka wa eneo lake. Ni vita vya vizazi vingi, na kila upande umejifunza mbinu za mwenzake.

Huuma, huachia, kisha hufuata

Pigo la nyoka-kayamba hufika kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, haraka kuliko kope linavyofunga na kufunguka. Lakini kwa kawaida hamng'ang'anii panya. Humdunga sumu, humwachia akimbie, kisha hufuata nyayo zake kwa kuchomoza ulimi na kunusa. Kuachia kunamwepusha na meno ya panya anayepapatika. Katika njia iliyokanyagwa na panya wengi huchagua harufu ya yule mmoja aliyemdunga, kwa kuwa ndani ya sumu zimo protini zinazobadilisha harufu ya windo.

Kuhusu umbali, msimamo wa kawaida ni huu: pigo hufika kiasi cha theluthi hadi nusu ya urefu wa mwili wake. Hadithi za nyoka aliyemrukia mtu mita tatu ni hadithi.

Huzaa watoto, na mama hukaa nao

Hakuna mayai ya kutafutwa kwenye majani. Majike huzaa watoto hai, na mara nyingi wajawazito kadhaa huota jua pamoja penye mawe. Baada ya kuzaa, mama hubaki na wanawe kwa siku saba hadi kumi hivi, mpaka wajivue gamba la kwanza. Kwa muda mrefu watu waliwaona nyoka kuwa viumbe wapweke wasiojali. Huyu anatulazimisha tutazame upya. Katika majaribio yaliyofanywa California na kuchapishwa mwaka 2023, mapigo ya moyo ya nyoka aliyetishwa yalipanda zaidi alipokuwa peke yake kuliko alipowekwa na mwenzake. Wenzake humtuliza.

Jike pia huweza kutunza mbegu za dume kwa muda usioaminika. Yupo mmoja aliyechukuliwa porini Florida akiwa mdogo, akafugwa bila dume kwa miaka mitano, kisha akazaa watoto 19 wenye afya. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa wana baba.

Madume hushindana bila kuumana

Wakigombea jike huinua nusu ya mwili, hujisokota na kusukumana mpaka mmoja alazwe chini. Meno ya sumu hayatumiki. Aliyeshindwa huondoka zake.

Kisiwa cha nyoka-kayamba asiye na kayamba

Ghuba ya California, upande wa Mexico, ina kisiwa kiitwacho Santa Catalina, chenye kilomita za mraba 40 hivi. Unguja ni kubwa kukizidi mara 40. Hapo ndipo anapoishi nyoka-kayamba ambaye kipande chake cha mkiani huanguka kila anapojivua gamba, hivyo hajengi kayamba maishani. Kisiwani hakuna wanyama wakubwa wa asili wa kumkanyaga, na wapo wataalamu wanaoona kwamba ndiyo sababu ya kuliacha. Hayupo pengine popote duniani, na yumo hatarini mno kutoweka.

Bundi humuigiza

Huko Amerika kuna bundi wadogo wanaoishi mashimoni. Vifaranga vyao vikihisi adui mlangoni hutoa sauti inayofanana kabisa na kayamba la nyoka, na mnyama mwenye akili zake haingizi pua humo. Mbinu kama hiyo iko pia kwetu: nyoka mla-mayai wa Afrika, asiye na sumu yoyote, hujikunja na kusugua magamba yake mpaka yakatoa mlio wa msumeno, akiigiza nyoka hatari wa jamii ya kifutu.

Hunywa mvua iliyomlowesha

Katika nchi kame mvua hunyesha na kupotea ndani ya muda mfupi. Baadhi ya nyoka-kayamba hutoka mapangoni mvua inapoanza, hujikunja wakawa bapa kama sahani, na kunywa matone yanayobaki mgongoni. Magamba yao yana mikwaruzo midogo mno, isiyoonekana kwa jicho, inayoyazuia matone yasiteleze.

Miezi sita bila mlo

Mwaka 2007 mtafiti Marshall McCue alieleza jinsi alivyowanyima chakula nyoka wa spishi tatu, mojawapo nyoka-kayamba wa Texas na jirani zake, kwa muda wa miezi sita hivi. Walipunguza matumizi ya nishati ya miili yao, wengine kwa hadi asilimia 72, na wakaendelea kuishi. La kushangaza zaidi, walizidi kurefuka.

Mtaalamu wao mkuu alikuwa mtu wa umeme

Laurence Klauber alikuwa mhandisi, akapanda hadi kuongoza kampuni ya umeme na gesi mjini San Diego. Nyoka alijifunza kwa mapenzi yake tu, nje ya saa za kazi. Mwaka 1956 alitoa kitabu cha majuzuu mawili juu ya nyoka-kayamba, na hadi leo wanasayansi hukirejea. Huwa namkumbuka kila ninaposikia kwamba elimu ni ya wenye vyeti vyake tu.

Aliwahi kupewa bendera

Wakati makoloni 13 ya Amerika yalipoanza kupigana na Uingereza mwaka 1775, Christopher Gadsden wa South Carolina alitoa bendera ya manjano yenye nyoka-kayamba aliyejikunja, ikionya adui asimkanyage. Desemba ya mwaka huo gazeti moja la Philadelphia lilichapa makala ambayo wanahistoria wengi huamini ni ya Benjamin Franklin, ikimsifu nyoka huyu kwa kuwa haanzi ugomvi na hutoa onyo kabla ya kuuma.

Sumu yake inazuia damu kuganda moyoni

Yule nyoka kibeti wa Florida ana protini inayozuia chembe za damu zisishikamane. Kwa windo hilo ni balaa. Wanakemia waliichunguza, wakatengeneza dawa ndogo inayofuata mfano wake, eptifibatide, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Hudungwa mshipani kwa baadhi ya wagonjwa wa shambulio la moyo, kuzuia damu isigande kwenye mishipa iliyobanwa.

Kichwa kilichokatwa bado huuma

Mwaka 2018 huko Texas mtu alimkata nyoka-kayamba kichwa uani kwake. Alipoinama kuvizoa vipande, kichwa kikamuuma, na hospitali ikamhudumia kwa dozi 26 za dawa ya sumu. Mwili wa nyoka hutumia oksijeni kidogo sana, kwa hiyo neva za kichwa huendelea kuitikia kwa muda baada ya kukatwa. Nyoka aliyeuawa asiguswe kwa mkono, na hilo ni kweli Texas na ni kweli Tabora.

Dawa ya nyoka huyu haimsaidii aliyeumwa na kifutu

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, daktari Vital Brazil, mwanzilishi wa Taasisi ya Butantan mjini São Paulo, alionyesha kwamba dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa aina moja huweza kushindwa kabisa mbele ya sumu ya aina nyingine. Aliandaa dawa ya nyoka-kayamba kando na ya nyoka wengine wa Brazil. Hadi leo kila eneo linahitaji dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya nyoka wake.

Tofauti inayoletwa na dawa hiyo inaonekana katika hesabu. Marekani watu 7,000 hadi 8,000 huumwa na nyoka wenye sumu kila mwaka, na wanaokufa ni kama watano. Duniani kote, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, wengi wao wakulima na watoto wa vijijini katika Afrika na Asia, mbali na hospitali yenye dawa. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Kwa hiyo, msomaji, ukimwona ndugu au jirani ameumwa, mvue pete na bangili kabla hajavimba, mtulize asitembee, na mbebeni mkimbilie hospitali. Msimchanje, msinyonye sumu, msimfunge kamba ya kubana, wala msipoteze saa kwa jiwe la nyoka, kwa maana halitoi sumu mwilini.